Mwaka Akina Baba Walipoingizwa

Kijiwe chetu ni jukwaa la mbao, pana kama kitanda cha watu sita, mbele ya duka la Mama Okbun, katikati ya ngazi zinazopanda kutoka bandari ya Masan. Unavua viatu chini, unapanda, unakunja miguu, unapewa kahawa. Mama Okbun huikoroga kwenye vikombe vya bati: kijiko kimoja cha unga wa kahawa, viwili vya sukari, na kwa mtu aliyeruka mlo anamtilia kiini cha yai juu yake. Jioni ile ya tarehe nane Mei, mwaka 1973, sote tulikuwa na maua kifuani. Bibi Kengele, ambaye kila alfajiri hupita na kengele yake akiuza tofu ya maharage ya soya, alikuwa na ua jekundu alilobandikwa na mwanawe wa mwisho. Karani, aliyestaafu ofisi ya kata, naye alikuwa na jekundu, la kwanza maishani mwake, na alikaa kifua mbele ili lisipitwe na jicho la mtu. Redio, fundi wa redio, alikuwa amejibandika jeupe, kwa sababu mama yake alifariki wakati wa vita. Ndivyo ilivyo kwetu: mzazi aliye hai anabandikwa jekundu na mtoto wake, mtoto aliyefiwa anavaa jeupe. Hadi mwaka uliotangulia siku hiyo ilikuwa ya akina mama peke yao. Mwaka huo serikali iliwaingiza na akina baba, na jina likabadilika likawa Siku ya Wazazi.

Mimi niliyefundisha shule ya msingi ya mtaa ule miaka thelathini na moja nilikuwa nimeketi pembeni, na sikumbuki jioni nyingine ambayo kahawa ilipoa vikombeni namna ile.

— Umemwona kwa macho yako? Mama Okbun aliuliza. Ilikuwa mara ya tatu.

— Kwa macho yangu haya haya, alisema Redio. Amekaa stendi ya mabasi, kifurushi mapajani. Nikamwambia, Dalsu, ni wewe? Akasema ni mimi. Kazeeka, Mama Okbun. Kazeeka kuliko sisi.

— Akasema anakuja hapa.

— Saa kumi na mbili. Nakupa maneno yake kama alivyoyatoa: “Mwaka huu na sisi tumeingizwa. Nakwenda kumwona mwanangu.”

Mama Okbun aliitazama saa ya ukutani ndani ya duka. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Dalsu ni mume wake. Aliondoka mwaka 1959, siku kumi na mbili kabla ya ile tufani iliyotupiga asubuhi ya sikukuu ya mavuno na kubeba nusu ya nyumba za ufukweni. Hakuaga. Baadaye tulisikia yuko kwenye migodi ya makaa ya kaskazini, na ana mwanamke mwingine huko. Lakini kabla hatujasikia, Mama Okbun alikuwa ameshamwambia binti yake, wakati huo ana miaka mitano, kwamba baba yake alichukuliwa na tufani. Mtaa mzima ukajua, na mtaa mzima ukanyamaza. Mimi mwenyewe, Okbun alipoanza shule, kwenye nafasi ya jina la baba niliandika “marehemu” kwa mkono wangu, nikaweka muhuri.

Sasa Okbun ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi kiwandani kule bandarini. Zamu yake huisha saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na nusu huwa ameshafika dukani. Jumapili alikuwa amemwambia mama yake, mbele yetu, kwamba mwaka huu atanunua maua mawili: jekundu la kumbandika mama, na jeupe la kujibandika mwenyewe kwa ajili ya baba, maana na akina baba sasa wana siku yao.

— Basi hesabu ni rahisi, alisema Bibi Kengele. Huyo bwana akija saa kumi na mbili, tuna nusu saa ya kumtoa hapa.

— Kumtoa kwa kosa gani? Redio aliuliza.

— We Redio, usinichekeshe na mimi sina meno.

— Nauliza kistaarabu. Serikali imesema wazazi. Yeye si mzazi?

— Mzazi ni nani? Aliyelea au aliyepita njia?

— Dada, mimi simtetei. Nilikuwa rafiki yake, nasema ukweli. Lakini siku ni ya wazazi, haijaandikwa wazazi wazuri.

Karani alisafisha koo. Alikuwa na gazeti lililokunjwa mara nne, na huyu bwana akikunja gazeti mara nne ujue analo la kusema.

— Ili ujue siku ni ya nani, alisema, uliza ilianzaje. Mimi nilikuwa ofisini mwaka hamsini na sita. Barua ilipita mezani kwangu. Vita vimekwisha miaka mitatu, wanaume wamebaki makaburini, na kila mlango unaogonga anafungua mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Serikali ikatazama, ikaona nchi nzima inabebwa na migongo hiyo. Ndiyo ikasema, wapewe siku moja. Siku ya aliyebaki. Huo ndio mwanzo wake, na Dalsu hakubaki.

— Umeona? alisema Bibi Kengele. Mtu kasoma.

— Kasoma nusu, alisema Redio. Ua mlilitoa wapi? Barua yako ilikuwa na ua ndani? Ua lilikuja na wamisionari. Kuna binti huko ng'ambo mama yake alikufa, akagawa maua kanisani kwa ukumbusho wake. Na yalikuwa meupe, bwana. Meupe matupu. Kwa hiyo siku hii ilianza kwa maiti, walio hai wameingizwa baadaye. Kama akina baba mwaka huu. Kila mtu hapa ameingizwa, hakuna mwenyewe.

— Hayo ya kanisani nimeyasikia, alisema Karani. Lakini ya kwetu ni ya kwetu.

— Nyote hamjui kitu, alisema Bibi Kengele. Siku hii ilianza jikoni. Bibi yangu alinisimulia, na yeye alizaliwa Jinju kabla hao wamisionari wako hawajapanda meli. Kulikuwa na mama mmoja ana wana saba. Siku moja akavua aproni, akapanda juu ya paa la nyasi, akakaa. Hapiki, hafui, hasemi. Siku ya kwanza wanawe wakacheka. Siku ya tatu wali uliopikwa ukaisha. Siku ya saba wakapanda wote na ua moja moja mkononi wakimwomba ashuke.

— Akashuka? Redio aliuliza.

— Alishuka. Lakini tangu hapo kila mwaka anapanda.

— Na baba yao alikuwa wapi siku zote saba? niliuliza.

Bibi Kengele alinitazama kama ninavyowatazama watoto wanaouliza swali la sura inayofuata.

— Bibi yangu hakumtaja, alisema.

Saa ilikuwa kumi na moja na dakika arobaini.  Mama Okbun alikuwa anafuta kikombe kimoja kilekile, ndani na nje, ndani na nje.

— Mimi nitawaambia siri, alisema Redio, akishusha sauti. Mwenye mpango wote ni mkulima mmoja wa maua kule Gimhae. Mwaka hamsini na sita karnesheni, haya haya maua ya vifuani mwetu, zilimzidi. Nyekundu zimejaa nyumba ya kioo, zinataka kuoza. Akaenda kwa mchungaji, akaenda kwa mwalimu mkuu, akaenda hadi redioni. Mwaka huu zimemzidi tena, ndiyo maana akina baba wamepata.

— Uongo, alisema Karani. Akina baba wamepata kwa sababu afisa mmoja mkubwa, simtaji, aliketi mezani tarehe nane Mei mwaka jana. Watoto wake wanne wakaingia na maua manne, wakambandika mama yao yote manne. Yeye kifua kitupu. Akainama kwenye supu yake, akanyamaza. Na kalamu ya amri ilikuwa mfukoni mwake.

— Kaka, punguza sauti, alisema Bibi Kengele. Siku hizi mtu anachukuliwa na polisi kwa supu ndogo kuliko hiyo.

Siku nyingine tungecheka. Tulikuwa tunasema ili saa isisikike, na sote tulijua hivyo. Mama Okbun aliweka kikombe chini.

— Mkimaliza kujua ilianzaje, alisema, mniambie inaishaje. Akija nimfanyeje?

— Mfukuze, alisema Bibi Kengele.

— Mwache amwone mtoto, alisema Redio. Dakika moja. Si lazima aseme yeye ni nani.

— Na akisema?

Redio alikoroga kahawa yake iliyokwisha kupoa.

— Mwalimu, Mama Okbun aliniambia. Wewe umemfundisha. Akijua leo, atafanya nini?

Nilimjua Okbun kama mtoto ambaye ukimkosea halii; anakusanya vitu vyake, anahama dawati. Sikutaka kusema hivyo.

— Atauliza kwa nini, nilisema. Halafu sijui.

Alikuja mapema. Ilikuwa bado dakika kumi kutimia kumi na mbili tulipoona kofia ikipanda ngazi, ikisimama, ikipanda tena. Kila hatua kumi alisimama kukohoa. Alivaa suti ya kahawia iliyong'aa magotini, na mkononi alikuwa na kipande cha nyama ya ng'ombe kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya majani ya mpunga, kama watu wanavyobeba wanapokwenda kwa wakwe. Kifuani hakuwa na kitu.

— Habari za jioni, alisema, akiinama mbele yetu sote, halafu mara ya pili mbele ya mlango wa duka. Mama Okbun.

 Dalsu alivua viatu, akakaa ukingoni kabisa mwa jukwaa, miguu chini, kama mtu anayesubiri basi. Mama Okbun alichukua birika, akamwongeza Karani, akamwongeza Redio, akaniongeza mimi. Akamruka Dalsu. Nilisogeza kikombe changu mbele yake. Alikishika kwa mikono miwili lakini hakunywa.

— Umekuja na nyama, alisema Bibi Kengele. Miaka kumi na minne, kilo moja. Naona ulikuwa unaifuga kwanza.

— Dada, nastahili yote utakayosema.

— Sijaanza.

— Najua.

— Kwa nini leo? Karani aliuliza. Siku zote hizi, bwana, kwa nini leo?

Dalsu aligeuza kikombe polepole.

— Tulisikia mgodini, kwenye redio. Kwamba na akina baba wameingizwa. Wenzangu wakaanza kupokea barua. Mmoja binti yake amemtumia ua kwa posta, limefika limekauka, amelibandika hivyo hivyo anashuka nalo chini ya ardhi. Nikauliza bwana wa ofisi, hiyo amri inasema baba wa namna gani? Akaniambia inasema wazazi tu.

— Ndivyo inavyosema, Redio alisema. Karani, wewe si unalo gazeti? Fungua.

Karani hakutaka kulifungua. Alilifungua. Ni mtu wa haki, hata pale haki inapomuuma. Alisoma kimoyomoyo, kidole kikifuata mistari.

— Inasema wazazi, alisema. Haina masharti.

— Lakini wewe ulisema ilianza kwa aliyebaki, alidakia Bibi Kengele.

— Ilianza kwa aliyebaki. Nimesema. Sikusema imeishia hapo.

— Karani, unageuka? alisema Bibi Kengele.

— Sigeuki, nasoma.

— Sikuja kuomba kurudi, alisema Dalsu. Yule mwanamke aliniacha zamani, hilo sitaki mlisikie kwa wengine. Kifua changu kimejaa vumbi la makaa, daktari ameniambia. Nataka nimwone mwanangu mara moja, anione na yeye. Hata asiponipa ua. Akinitukana pia sawa. Anayo haki.

— Hawezi kukutukana, alisema Mama Okbun.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. Sote tuliacha vikombe.

— Amelelewa vizuri, najua.

— Si kwa kulelewa. Hawezi kukutukana kwa sababu umekufa.

Dalsu alimtazama.

— Ulikufa kwenye tufani, aliendelea, kwa sauti ile anayomwambia mteja kwamba sabuni imekwisha. Kila mwaka, asubuhi ya sikukuu ya mavuno, binti yako anaamka kabla ya jua kuchomoza. Anakupikia wali, anakuwekea samaki, peasi, supu. Anasimamisha kijiko katikati ya bakuli lako kama tunavyowasimamishia marehemu. Anainama mpaka paji linagusa sakafu. Mara kumi na tatu sasa. Alianza akiwa mdogo, hajui kuinama, nikamshika mabega nikamfundisha.

Dalsu aliweka kikombe. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye mbao na hakuna aliyeifuta.

— Nani alimwambia nimekufa?

— Mimi.

— Mama Okbun. Nilikuwa hai. Mlijua nilikuwa hai.

Alitugeukia sisi, mmoja mmoja. Redio alitazama viatu. Karani alikunja gazeti. Jicho lake lilipofika kwangu sikuliepuka.

— Alikuwa na miaka mitano, alisema Mama Okbun. Siku uliyoondoka aliuliza, baba yuko wapi? Nikasema kazini. Kesho yake akauliza. Akauliza siku kumi na moja. Jioni anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, viatu vyako vya zamani amevipanga vielekee ndani, anasema ukifika usipate tabu. Siku ya kumi na mbili tufani ikaja. Majirani watatu walikufa. Nikaona watoto wao wanalia, na nikaona kwamba wanalala. Wangu alikuwa halali. Basi nikampa na yeye cha kulilia.

Bibi Kengele alifunika mdomo kwa mkono.

— Alilia mwezi mmoja, alisema Mama Okbun. Halafu akaanza kula. Ukitaka kujua siku ya mama ilianzaje, yangu ilianza hivyo.

Kutoka bandarini king'ora cha kiwanda kililia. Saa kumi na mbili kamili. Mama Okbun alishtuka kama amepigwa.

— Nenda, alimwambia. Nakuomba. Nitamwambia mwenyewe, si leo. Nipe mpaka sikukuu ya mavuno. Nipe nafasi ya kutafuta maneno.

— Mpaka sikukuu ya mavuno, Dalsu alirudia. Alihesabu kichwani, nilimwona akihesabu. Mei mpaka Septemba. Akakohoa, akajifuta mdomo kwa leso, akaitazama leso, akaikunja haraka.

— Mtu huyu hana mpaka Septemba, alisema Redio kwa upole.

— Basi na sisi tufanye nini? alisema Bibi Kengele. Tumwue binti ili yeye aondoke mwepesi?

— Mnamwua kwa lipi? Ni baba yake.

— Leo ndio amekuwa baba yake. Redio, wewe una ua jeupe kifuani. Mtu aje sasa hivi akuambie mama yako yuko Busan anauza samaki, kwamba majirani walijua wakanyamaza. Utamshukuru?

 Redio aligusa ua lake. Alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika.

— Ningekimbia mpaka Busan, alisema. Nisingevaa hata viatu. Lakini nyinyi nisingewasalimia tena.

Hilo lilituingia sote. Nadhani hadi pale tulikuwa tunaogopa kwa ajili ya Okbun na mama yake tu.

Dalsu alisimama. Alivaa viatu bila kukaa, akijishikilia kwenye nguzo ya duka.

— Mama Okbun amesema kweli, alisema. Mimi niliondoka bila neno. Siwezi kuja kumpangia maneno yake. Nitakaa ile nyumba ya wageni ya stendi siku tatu. Ukiona yafaa, tuma mtu aniite. Usipoona, nitapanda basi.

Aliinama kwetu. Aliiacha nyama juu ya jukwaa. Alikuwa ameshuka ngazi nne au tano kikohozi kilipomkamata, kikamkunja, akalazimika kukaa pale pale kwenye ngazi, mgongo ukitetemeka. Redio alimkimbilia na maji. Karani naye akashuka. Wakamwinua, wakamrudisha ukingoni mwa jukwaa ili apumue. Hapo ndipo muda ulipotuponyoka. Tuliposikia viatu vya raba vinapanda haraka, viwili viwili, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema neno.

Okbun alikuwa bado na sare ya kiwanda, kitambaa cha kichwani amekifunga shingoni. Mkononi alikuwa na ua jekundu, halisi, bichi, lenye matone. Kifuani, upande wa moyo, alikuwa amejibandika jeupe.

— Nimekimbia wasije wakaniuzia la karatasi, alisema. Shikamooni wote. Mama, simama vizuri, usitikisike.

Alimbandika mama yake. Pini ilikataa mara mbili. Mama Okbun alikuwa ametulia kama ukuta, mikono chini, macho yake yamepita bega la binti na kukaa kwa yule aliyekuwa ukingoni.

— Mikono yako ya baridi, mama. Unaumwa?

— Siumwi.

— Bibi Kengele, la kwako zuri. Karani, hongera. Kumbe na wewe una mtoto.

— Ninao watatu, alisema Karani. Alijaribu kutabasamu.

Halafu Okbun alimwona Dalsu. Alimwona mgonjwa, mgeni, bakuli la maji mkononi, na akafanya kama tulivyomfundisha: aliinama, akachuchumaa ili uso wake uwe chini ya uso wa mkubwa.

— Mzee, pole. Ngazi hizi zinamtesa kila mtu.

Dalsu alitikisa kichwa.  Alimtazama usoni, macho yakateremka mpaka kwenye ua jeupe, yakabaki hapo.

— Mbona leo huna ua? Okbun aliuliza. Watoto wako wako mbali?

 Nilimsubiri Redio aseme kitu, maana Redio huwa anacho. Nilimsubiri Karani. Bibi Kengele alikuwa ameigeukia bahari.

— Ningekupa la kwangu, alisema Okbun, akiligusa. Lakini hili ni la marehemu, nitakukosea adabu. Subiri, nishuke nikuletee jekundu. Sijui kama yamebaki.

Alikuwa ameshageuka.

— Okbun, alisema mama yake.

— Abee.

— Usishuke. Vua hilo jeupe.

Okbun alicheka kidogo, akifikiri ni utani. Halafu aliuona uso wa mama yake.

— Kwa nini, mama?

Karani aliteremka kwanza kutoka kwenye jukwaa. Alichukua viatu vyake mkononi. Redio akafuata, na Bibi Kengele akimshika begani. Hakuna aliyeaga; Dalsu peke yake alibaki ukingoni. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya magoti yangu, na nilipokuwa natafuta ngazi ya kwanza kwa soksi nilimsikia Mama Okbun nyuma yangu akivuta kiti.

— Kaa hapa nikwambie, alisema. Tufani haikumchukua baba yako.